Kwa nini nataka kurudi Blantyre wakati wa kiangazi

Tangu kimbunga Freddy kiipige Malawi katikati ya mwezi Machi 2023, jamaa zangu wa hapa Mbeya wamekuwa wakiniuliza mbona sijapanda gari la Kasumulu na kuvuka mpaka, hali ya kuwa kila siku nazungumzia habari za Malawi. Wanajua kwamba niliishi Blantyre miaka kadhaa nikifanya kazi ya uashi, na kwamba nchi ile kwangu ni majirani, mafundi wenzangu na watoto niliowaona wakikua. Jibu langu ni kwamba nataka kwenda, tena nataka sana, ila nataka kufika wakati ambapo mikono yangu itakuwa na kazi ya kufanya.

Kimbunga Freddy kilipewa jina tarehe 6 Februari 2023 kikiwa upande wa kaskazini-magharibi mwa Australia. Kilivuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini na kupata nguvu upya, kisha tarehe 11 Machi kikatua tena Msumbiji karibu na Quelimane na kusogea hadi kusini mwa Malawi. Huko mvua ya miezi sita ilinyesha kwa siku sita. Serikali ya Malawi ilitangaza vifo 679, watu 537 ambao hawakujulikana walipo, na zaidi ya watu 650,000 waliolazimika kuyahama makazi yao.

Nilipokuwa Blantyre nilipanga chumba Chilobwe, mtaa uliopanda kwenye miteremko ya mlima Soche. Miti ya mlima ule ilikatwa kwa ajili ya mkaa na viwanja, na nyumba zikazidi kupanda juu kwa sababu huko ndiko mtu wa kipato kidogo alikopata mahali pa kujenga. Mama mwenye nyumba, ambaye mpaka leo namwita amayi kwa desturi ya kule, alinieleza kwa simu kwamba usiku wa kuamkia tarehe 13 walisikia mngurumo kama wa malori mengi yanayoshuka mlimani kwa pamoja. Kulipokucha, nyumba za upande wa juu hazikuwapo tena. Palikuwa na mawe makubwa, matope mekundu na mabati yaliyojikunja. Yeye na wajukuu wake walinusurika na wakahamia katika darasa la shule pamoja na familia nyingine. Nilipomwambia kwamba nakuja, alinijibu, “Mwanangu, ukija sasa utalala wapi, na maji ya kunywa tutakupa yapi?”

Naamini amayi alisema kweli. Siku zile za mwanzo zilikuwa za wanajeshi, waokoaji, madaktari na wenye mashua. Nchi yetu nayo ilipeleka helikopta za jeshi, unga wa mahindi, mablanketi na mahema, na nililipokea jambo hilo kwa fahari kubwa. Tusisahau pia kwamba Malawi ilikuwa tayari inapambana na kipindupindu kilichoanza Machi 2022 na kuua zaidi ya watu 1,500 hata kabla ya kimbunga kufika. Katika hali kama hiyo, mgeni asiye na kazi maalumu anakunywa maji safi ambayo wenyeji wanayagombea.

Kazi ninayoijua mimi inaanza baadaye. Nyumba nyingi za watu wa kawaida kule hujengwa kwa tofali mbichi, na hata pale tofali zinapochomwa, mara nyingi huunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Ukuta wa namna hiyo hudumu miaka mingi ukiwa mkavu. Maji yakituama kwenye msingi kwa siku tatu au nne, kozi za chini, yaani safu za tofali za mwanzo, hulainika kwanza, ukuta hutitia kwenye kona, kisha paa linasukuma kila kitu kwa nje. Ndiyo maana nyumba nyingi zilianguka mbali kabisa na maporomoko, katika wilaya za Phalombe na Chikwawa na hata katikati ya mitaa ya Blantyre yenyewe. Dawa yake haihitaji utajiri: kuinua msingi wa mawe juu ya usawa wa ardhi, kuweka nailoni nzito chini ya kozi ya kwanza, kutumia saruji katika kozi chache za chini, kurefusha upenu, na kufunga kenchi kwa waya uliojengewa ndani ya ukuta. Fundi akionyeshwa mara moja kwa vitendo, atajenga hivyo kila nyumba inayofuata.

Pamoja na nyumba kuna vyoo, ambavyo kwa maoni yangu vinastahili kutangulia. Vyoo vya shimo vilijaa maji na kubomoka, na uchafu ukaingia visimani. Sakafu ya choo ya zege yenye umbo la kuba, kipenyo chake mita 1.2 hadi 1.5, husimama bila nondo hata moja ikiwa imemwagwa vizuri na kumwagiliwa maji kwa wiki nzima. Unahitaji saruji, mchanga safi, kokoto na mfuniko unaoziba tundu sawasawa.

Wapo wanaoniambia kwamba Blantyre ni mbali, takriban kilomita 900 kutoka mpakani, na kwamba jirani yetu hasa ni Karonga, kaskazini mwa Malawi. Ni kweli kwamba Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela ni watu wa asili moja wanaoelewana kwa lugha. Lakini undugu haukomi pale lugha inapobadilika, na mimi nililishwa nsima, yaani ugali, na watu wa Chilobwe nilipokuwa sina mshahara.

Tofali hazikauki masika. Kiangazi cha Malawi huanza Mei na kwenda hadi Oktoba, kwa hiyo nimepanga kuondoka Juni, na parokia niliyokuwa nikisali imekubali kutupokea na kuchagua yenyewe familia za kuanza nazo, wajane na wazee wakitangulia. Fundi mwenzangu wa Uyole atakuja nami. Bado tunamtafuta seremala anayejua kupaua, awe wa hapa Mbeya, Tukuyu au Iringa, anayeweza kuacha shughuli zake kwa mwezi mmoja. Zana kila mtu atabeba zake. Saruji na mabati tutanunua Blantyre, ili fedha hiyo iwafikie wafanyabiashara wa huko ambao nao wamepoteza wateja.