Fulana za kitani

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na kwa kuwa mwalimu alishanisifu mara mbili mbele ya darasa, nilijiona nimemaliza. Siku moja nikarudi skuli nikakuta kijana wa Kimarekani ameacha jora la kitani cheupe na karatasi yenye vipimo. Alikuwa anaoa Nungwi, Jumamosi ya wiki ya pili yake.

"Hebu nisomee, kataka nini huyu."

Nikasoma: "vest" tano, shingo ya V, hazina mikono, na vipimo vya vifua vya wanaume watano kwa inchi.

"Vest ni fulana, mjomba. Hizi za ndani." Kitabu chetu cha skuli kilikuwa na picha yake kabisa, na mtaani si watu wanasema vesti?

Mjomba akakisugua kitambaa kwa vidole viwili. "Fulana ya kitani?"

"Wazungu hao, mjomba."

"Vifungo?"

"Hakuandika."

"Haya. Mvaaji si mimi."

Kitani hakivutiki kama pamba ya fulana. Ili kichwa na mabega yapite, ilibidi akate kwa upana, na akashona moja ya kujaribia kwanza, kwa kipimo chake mwenyewe. Halafu akashona zile tano. Zikapigwa pasi, zikakunjwa, zikawekwa kwenye rafu.

Alhamisi jioni bwana harusi akaja. Akaifungua ya kwanza, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alinitazama mimi, mkalimani, akaanza kujipapasa kifuani kutoka juu kwenda chini kama anayefunga vifungo. Mimi nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri kwamba hii ndiyo vest. Akasema hapana, siyo. Tukabishana hivyo, mwenye lugha yake na mwenye kitabu.

Mjomba hakuelewa neno hata moja, ila mikono aliiona. Akainuka, akaenda kwenye msumari alipotundika nguo yake ya sikukuu, ile anayoivaa juu ya kanzu, ya rangi ya kahawia, ina darizi pembeni na vifungo vinne. Akaiinua.

"Vest!" yule kijana akapiga kelele sasa.

"Kizibao!" mjomba naye akapiga. Kisha akanigeukia. "Kizibao, mwanangu. Mtu kataka kizibao."

Nilitumwa Darajani mbio kabla maduka hayajafungwa, nikanunua vifungo ishirini. Ule upana wa bure ndio uliotuokoa. Mjomba alizipasua fulana katikati kwa mbele, akakunja pindo pande zote mbili, akabana mgongo kwa mishono miwili. Bitana hazikuwamo, wala hakuna aliyeziuliza. Matundu ya vifungo alinifanya niyashone mimi kwa mkono, mpaka saa saba za usiku, na hakunisemesha ila kunisogezea taa.

Miaka mingi baadaye nilikutana na shajara ya Samuel Pepys wa London. Tarehe 8 Oktoba 1666 anaandika kwamba jana yake Mfalme Charles wa Pili ametangaza mtindo mpya wa mavazi, nao ni vest. Ilikuwa nguo ya kuvaliwa juu ya shati, ionekane, na kizibao cha suti ya Kizungu kimetokana nayo. Wamarekani wakabaki na jina hilo. Waingereza wakaliteremsha chini ya shati, wakalipa fulana, na Kiingereza cha skuli zetu kilikuwa chao. Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba mafundi wa suti wa London wenyewe, wakiwa kazini, hukiita kizibao vest mpaka leo. Yaani fundi kwa fundi wangeelewana. Aliyeharibu ni msomi.

Jumamosi harusi ikapita salama. Ile fulana ya kujaribia haikupasuliwa. Mjomba aliivaa dukani kila kaskazi, joto likizidi, na mteja akimuuliza ni nguo gani hiyo, alinionyesha mimi kwa kidole: "Muulize huyo, ndiye anayejua jina lake."