Shauri la Bega

Katika miaka niliyoshughulikia madai ya fidia ya walioumia kazini, shauri ninalolikumbuka zaidi ni la bega. Mdai alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi. Kuumia aliumia kweli. Ubishi ulikuwa juu ya kiasi. Alieleza kwa kiapo kwamba mkono wa kulia haupandi kupita usawa wa bega, hata nywele anachania wa kushoto. Daktari alipima, akaandika kwamba mkono unapanda hadi nyuzi 70.

Bila maandishi hayo, video ya mdai aliyoirekodi mpelelezi wetu, sisi tuliobisha kiasi hicho, isingekuwa na kazi. Mtu aliyesema tu kwamba anaumwa, ukimrekodi amebeba mfuko umethibitisha nini? Maumivu yana siku zake. Aliyetaja kipimo ndiye aliyekupa kitu cha kulinganisha.

Mpelelezi alirekodi akiwa barabarani, mahali ambapo mpita njia yeyote angeona. Dirishani na ndani ya ua tulimkataza. Siku ya kwanza hakupata lolote. Ya pili mdai alitoka kufunga mzigo juu ya keria ya gari: mkono ule ule wa kulia umenyooka juu ya kichwa, anavuta kamba, anakaza fundo, anazunguka upande wa pili, anarudia. Dakika 11.

Wakili wake aliuliza maswali ambayo kila mpelelezi anapaswa kujiandaa nayo. Ni yeye, au ni ndugu yake? Mbona saa ya kwenye video inaruka kutoka 4:12 hadi 4:31? Hapo ndipo ushahidi mwingi wa aina hii hufia. Sisi tulikuwa na rekodi ya awali isiyokatwa, sura yake ikionekana wazi kabla hajageuka, na daftari lililoeleza kwamba kamera ilizimwa alipoingia ndani. Rekodi ya siku ya kwanza nayo tuliikabidhi, maana ukificha saa zisizokufaa, mwamuzi hataziamini hata zinazokufaa.

Nilisisitiza daktari yule yule aitazame yote, kwa sababu kusoma bega si kazi ya wakili. Aliirudisha nyuma mara kadhaa, akasema mkono unapita nyuzi 140. Kisha akatuonyesha jambo jingine: kila alipoushusha, mdai alikishika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto na kukisindikiza hadi chini. Udhaifu ulikuwepo. Kiwango cha ulemavu kilipunguzwa, hakikufutwa, na matibabu yakaendelea kulipwa.