Diski ya terabaiti 4 iliyokuwa inaonyesha 2 tu

Jamani, siku mbili nimehangaika na diski ya nje ya terabaiti 4. Nimeifomati mara tatu, bado inaishia 2. Kipande kilichobaki nakiona pale kwenye Windows, kina mstari mweusi juu, nikikibofya hakikubali lolote. Kumbe diski ni nzima! Ilikuwa kwenye mfumo wa MBR, njia ya zamani ya kugawa diski, ambao kwa kawaida hauvuki terabaiti 2. Nikahamisha kwanza picha zote za watoto (hapo usiharakishe, kila kitu kinafutika), nikafuta sehemu zote, nikaigeuza kuwa GPT (mfumo mpya zaidi, usio na kikomo hicho), nikafomati kwa exFAT, mpangilio wa faili unaosomeka hata kwenye Mac. Sasa inasoma terabaiti 3.63, na haijapungua kitu: mtengenezaji wa diski anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Nimefurahi mno!