Kaisari kwa mkebe wa Kimbo

Mamangu alikuja kunitembelea hapa Umoja, Nairobi, mwezi wa nne, akakaa wiki mbili, na si mnajua vile mama akiwa kwa nyumba ya kijana wake hawezi tulia, ataosha hata kitu haijaomba kuoshwa. Mimi nikatoka asubuhi kwenda kazi nikaacha sarafu yangu moja ya Kirumi kwa kisahani karibu na sinki, ilikuwa imetoka kwa maji inakauka. Kurudi jioni naipata inang'aa kama kijiko kipya. "Nimekusafishia hiyo shilingi yako, ilikuwa imeshika kutu," ananiambia, roho safi kabisa. Alitumia stilwaya na sabuni ya unga. Ile rangi ya kijani iliyokolea, shaba imejijengea polepole miaka 1,700 chini ya udongo, yote ikaenda na maji ya sinki. Pua ya Constantine, yule kaisari wa Roma aliyechorwa juu yake, nayo ikaenda.

Utamwambia nini mama? Nilikula chapo nikanyamaza.

Wacha niseme hii mapema, manake kila nikitaja hii hobi ya kukusanya sarafu za kale watu wananiangalia ni kama nimeiba mahali: sarafu ya Kirumi si lazima iwe ghali. Ya dhahabu sawa, hiyo ni bei ya gari na mimi sijawahi shika hata moja. Lakini zile ndogo ndogo za shaba za miaka ya 300 hivi, chafu, hazijasafishwa, unapata kwa dola mbili tatu kila moja, kinachouma ni kusafirisha, unaagiza sarafu kumi na nauli inakuwa kubwa kuliko mzigo. Ziko nyingi kwa sababu Warumi walipiga sarafu mamilioni kwa mamilioni, na mtu wa kawaida hakuwa na M-Pesa, akiogopa vita ama wezi anatia pesa kwa chungu anazika shambani, halafu anakufa bila kuambia mtu. Mwaka wa 2010 kule Frome, Uingereza, jamaa anaitwa Dave Crisp alikuwa anazunguka shambani na ile mashine ya kutafuta chuma, akapata chungu kina sarafu 52,503. Chungu kimoja! Shosho yangu alikuwa anafunga zake kwa leso na tulidhani yeye ndiye bahili. Crisp aliripoti, wataalamu wakaja kuchimba vizuri, zikaishia makumbusho. Lakini kuna zingine zinachimbwa usiku kwa magofu kimagendo, kwa hivyo muuzaji akianza kuzungukazunguka nikimuuliza zimetoka wapi, naachana naye hata bei ikiwa tamu aje.

Kusafisha nako kunataka subira. Nanunua maji ya betri pale petroli stesheni, yale matupu yasiyo na chumvi (usichanganye na asidi, tafadhali), natia sarafu kwa glasi, nabadilisha maji kila wiki, nachokoa udongo na kijiti cha meno. Ndimu hapana, siki hapana, zinakula sura kabla uchafu uishe. Na ukiona unga wa kijani kibichi unachipuka kama ukungu, huo ni ugonjwa wa shaba, chumvi na unyevu vinaitafuna kutoka ndani, hiyo naitoa kando nakausha haraka. Zikiwa tayari kila moja inaingia kwa bahasha yake ya karatasi, bahasha kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo, mkebe juu ya kabati.

Sasa utamu wenyewe ni kusoma. Ninayoipenda kuliko zote ni kakitu kadogo, kuliko hata shilingi yetu moja, gramu 2.3 kwa ile mizani nilinunua barabara ya Luthuli. Upande mmoja kuna kijana amevaa taji, na kuzunguka kichwa imeandikwa CONSTANTINVS IVN NOB C. U wao ni V, utazoea. Maana yake ni Constantine mdogo, kaisari mtukufu, yaani mtoto wa yule Constantine mkubwa, na huyu alipewa hicho cheo mwaka wa 317 akiwa bado mtoto mchanga, kwa hivyo mambo ya mtoto wa mkubwa kupewa kiti hayakuanzia kwetu. Geuza. GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, askari wawili wamesimama na katikati yao kuna bendera mbili. Hesabu bendera! Zikiwa mbili ni kati ya 330 na 335, ikiwa moja ni kuanzia 335 kuendelea. Halafu chini kabisa, kwa herufi unaweza dhani ni uchafu, SMALA. Hiyo AL ni Alexandria, Misri. Ilipigwa Afrika, ikazunguka huko kote, ikarudi Afrika kwa bahasha ya kaki na ushuru juu. Siku nilisoma hizo herufi nilikuwa na lenzi kwa jicho na ugali ulikuwa unaungua.

Niliwahi kuchapwa pia, nisijifanye mjanja. Jamaa mmoja mjini aliniuzia "dinari ya wakati wa Yesu" kwa 3,500. Na si unajua hiyo dinari, kila mtu aliyekaa Sunday school anaijua, wale vibarua wa shamba la mizabibu walilipwa moja kwa siku, na ile Yesu aliomba aonyeshwe, akauliza sura ni ya nani. Wengi husema ilikuwa ya Tiberius, kaisari wa wakati huo, ndiyo maana kila mtu anaitaka na ndiyo maana feki zimejaa. Nilifika nyumbani nikaitazama vizuri. Ukingoni kulikuwa na mstari unazunguka yote kama ule wa chupa ya plastiki, na usoni vishimo vidogo vya hewa, kumaanisha iliyeyushwa ikamwagwa kwa kalibu. Wengi wa mafundi wa Roma hawakufanya hivyo, waliweka kipande cha fedha kati ya chapa mbili wakagonga na nyundo, ndiyo utaona sarafu ya kweli imepasuka kidogo ukingoni ama kichwa kimeenda upande. Yangu ilikuwa imenyooka sana. Bado ninayo, naitumia kufungua betri ya rimoti.

Dinari ya kweli niko nayo moja, ya Septimius Severus, nilijinyima miezi minne. Nilimtaka huyo kwa sababu alizaliwa Leptis Magna, hapo Libya, akatawala Roma kutoka 193 hadi 211. Ndevu zake zimesokotwa vizuri hadi unataka kumuuliza kinyozi wake ni nani. Fedha ndani ni kama nusu tu, manake alitaka kulipa jeshi, na pesa haikutosha akaipunguza kama vile mkate wa dukani unapungua na bei haisongi. Mtoto wake Caracalla akaongeza, mwaka wa 215 akatoa sarafu mpya ya thamani ya dinari mbili lakini uzito wake ni kama dinari moja na nusu. Kufika mwisho wa miaka ya 260 fedha ndani haifiki hata asilimia 5, ni shaba imepakwa weupe juu.

Huyo Caracalla ndiye alimuua ndugu yake Geta, halafu akaamuru jina na sura yake vifutwe kila mahali, na kuna miji ya Asia Ndogo (Uturuki ya leo) walitii hadi wakachukua patasi wakakwangua Geta kwa sarafu. Unaona ndugu mmoja, na mbele yake shimo. Mimi nimekulia kwa sarafu za Mzee Jomo, Moi, hata Kibaki kwa ile ya shilingi 40 ya 2003, kwa hivyo hii mambo ya sura naielewa. Julius Caesar ndiye wa kwanza kuwekwa sura kwa sarafu za pale Roma akiwa hai, mwaka wa 44 K.K., na mwezi wa tatu wa mwaka huo huo wakamdunga visu. Haikupita miaka mingi Brutus, yule yule wa visu, akapiga sarafu yenye sura yake mwenyewe! Sisi tulikataza kwa katiba ya 2010, na tangu 2018 kobole (shilingi tano) ni kifaru na mbao (ishirini) ni ndovu, na kifaru hagombei kiti.

Mama amenipigia jana, kati ya salamu za kuku na mvua akauliza kama zile shilingi zangu zingine zinahitaji kuoshwa. Nimemwambia asante, nimeshaosha. Kuna moja iko kwa glasi tangu mwezi wa saba, nimebandika karatasi imeandikwa USIGUSE, maji nimebadilisha mara tisa. Usiku huu nimeitoa nikaimulika na taa ya simu, nimeona sikio na herufi mbili za mwisho za jina, VS. Haisaidii kitu, karibu makaisari wote majina yao yanaishia hivyo.