Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa sindano za kolajeni

Saa 1:30 asubuhi. Kabla hata ya chai, naangalia vichupa viwili nilivyochanganya jana. Asidi ya poli-L-laktiki, dawa inayoichochea ngozi ijenge kolajeni yake yenyewe (protini inayoipa ngozi uimara), huja ikiwa unga mkavu. Nautilia mililita 8 za maji safi ya sindano na kuulaza usiku kucha. Siku hizi inaruhusiwa kuchanganya na kutumia papo hapo, ila mimi nimezoea kuulaza. Unga usiolowa vizuri hubaki na madonge, na madonge hayo ndiyo vinundu vya baadaye usoni.

Saa 3:00. Dada mmoja kaja na picha kwenye simu, anataka midomo ijae. Namweleza kwamba dawa hii haiendi midomoni wala kuzunguka macho: misuli ya hapo haitulii, dawa hujikusanya. Asidi ya hayaluroniki, kijazio cha aina nyingine, ikikosewa huyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi. Hii haina kiyeyushi chake. Ameondoka amenuna. Heri anune leo.

Saa 4:30. Mama mwenye mashavu yaliyobonyea, awamu ya pili. Namuuliza upya maswali yote, ingawa majibu ninayo kwenye faili: mimba, chunusi zenye usaha, makovu yanayovimba, dawa za kufanya damu iwe nyepesi. "Si ulishaniuliza, mwanangu?" Nimeuliza, mama, lakini mwezi mzima umepita.

Dokta anatumia kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu, anapeleka dawa kidogo kidogo, polepole. Mimi macho yangu yako kwenye ngozi. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi hupauka ghafla, au hutokea michoro kama wavu, mara nyingi na maumivu makali. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hujificha, kwa hiyo nabonyeza kwa kidole na kuhesabu sekunde mpaka rangi irudi, nikilinganisha na shavu la pili. Katikati ya nyusi na puani ndiko kunakotisha zaidi, maana mishipa ya hapo imeungana na ya jicho. Watu wamepofuka kwa sindano ya urembo. Namuuliza mama kila dakika kama anaona vizuri. Anacheka, anasema ananiona mimi na wasiwasi wangu.

Akiwa anakandwa uso baada ya sindano, anauliza kama hii ni dawa ya warembo tu. Namwambia Marekani iliidhinisha mwaka 2004 kwa watu wenye VVU waliopoteza mafuta ya usoni. Matumizi ya urembo, kwa mikunjo ya uso, yalifuata mwaka 2009. Amenyamaza kidogo.

Saa 7:00 mchana. Chakula, kwa kusimama.

Saa 8:30. Simu: "Uso umerudi vilevile, mmenitilia maji!" Kwa kweli sehemu kubwa yake ni maji. Ule ujazo wa siku ya kwanza ni maji na uvimbe, huisha baada ya siku chache. Kolajeni yake mwenyewe hujengeka taratibu kwa wiki na miezi. Anataka aongezewe kesho. Hapana, tunaacha wiki 4 hadi 6. Namkumbusha kukanda uso dakika 5, mara 5 kwa siku, siku 5. Kumbe alikanda siku moja.

Saa 11:00 jioni. Mgeni bila miadi, ana vinundu viwili vigumu chini ya shavu. Alichomwa sebuleni kwa mtu, miezi minne iliyopita. Dokta anamuuliza alichomwa nini. Hajui. Kichupa hakukiona, karatasi hakupewa. Dokta ameagiza ultrasaundi kwanza, kwa sababu huwezi kuanza kutibu kitu usichokijua.

Wakati anasubiri, nabandika lebo ya kichupa, yenye namba ya toleo, kwenye faili la mama wa asubuhi. Yule mgeni ananitazama, kisha anatoa simu na kujaribu tena kumpigia aliyemchoma. Haipatikani.