Nilivyojifunza kusoma majarida ya bunduki bila kuingizwa mkenge

Huu ni mwaka wangu wa 22 hapa Houston, na Jumamosi nyingi utanikuta kwenye uwanja wa shabaha. Mwanzoni karibu kila nilichojua kuhusu bunduki nilikitoa kwenye majarida. Nilinunua matatu manne kwa mwezi, mpaka mke wangu akaniuliza mtihani ni lini.

Kilichonizindua ni bastola moja ya milimita 9. Jarida, ambalo silitaji, liliimwagia sifa kurasa sita. Nikakamua akiba, nikanunua. Katika risasi 50 za kwanza ilikwama mara nne: ganda tupu limebanwa pale linapotokea, limesimama wima kama jino lililobaki peke yake.

Nikarudi nyumbani, nikasoma makala ile upya. Hakuna mahali mwandishi alipotaja amepiga risasi ngapi. Karatasi ya shabaha pichani ilikuwa na matundu matatu tu. Nikafunua ukurasa unaofuata: tangazo la bastola hiyo hiyo, ukurasa mzima. Kizuri chajiuza, wahenga walishasema.

Tangu siku hiyo nasoma na kalamu nyekundu mkononi. Cha kwanza natafuta idadi ya risasi. Mtu aliyepiga 500 nitamsikiliza, aliyepiga 60 bado hajaijua silaha yake. Halafu yale matundu. Hapa ndipo wengi tunapopigwa changa la macho. Risasi tatu karibu kila mara zitakaa karibu karibu. Piga tano kwa bunduki hiyo hiyo na kwa wastani kundi la matundu linapanuka kama robo hivi. Kwa hiyo ukiniandikia "inchi 1 kwa yadi 100", yaani upana wa kundi kwa umbali huo, niambie ni risasi ngapi, makundi mangapi, na kama huo ni wastani au umenichagulia lile zuri kuliko yote. Usiposema, hujaniambia kitu. Na bunduki yenyewe uliinunua dukani kama mimi, au kiwanda kilikuletea?

Jarida la Gun Tests halichukui matangazo, ndiyo maana nalilipia, ingawa kulisoma ni kama kutafuna muhogo mkavu.

Kwa utamu narudi kwa waandishi wa bunduki wa zamani. Jack O'Connor wa jarida la Outdoor Life aliipigia debe .270 Winchester, risasi nyembamba ya bunduki za kuwindia, maisha yake yote. Elmer Keith akaidharau, yeye akitaka risasi nene na nzito. Walirushiana maneno miaka na miaka. Wote walikuwa na upendeleo, lakini ulikuwa wazi, unausoma na kuupunguza mwenyewe.

Bastola ile niliiuza kwa hasara. Mnunuzi alikuja amesoma makala ile ile. Nikamweleza inavyokwama, nikamshushia bei. Akaigeuzageuza, akanitazama, akasema labda ni mimi ndiye sijui kuishika.