Nimerudi, na bado kuna mtoto anayepewa kazi ya kuhesabu magoli

Tangu nirudi nyumbani naulizwa swali lile lile: miaka yote hiyo ughaibuni ulikuwa unasomea nini hasa? Shangazi alidhani nimekuwa daktari wa mifupa, akaninyooshea goti lake. "Mwanangu, hebu nitazamie hapa." Rafiki niliyesoma naye aliamini mimi ni kocha wa timu za taifa za watu wenye ulemavu. Mkuu mmoja wa shule aliniuliza kama ningeleta kitanda cha mazoezi ya tiba. Nimeona niandike mara moja kwa wote, kwa sababu jibu linawagusa watoto ambao nimewakuta wamekaa mahali pale pale nilipowaacha.

Nimesomea ualimu. Shahada yangu ya uzamili ni ya elimu ya viungo kwa wanafunzi wenye ulemavu. Niliondoka nikiwa mwalimu wa michezo na nimerudi nikiwa mwalimu wa michezo. Mtaalamu wa tiba ya viungo anaushughulikia mguu uliodhoofu, na kazi yake naiheshimu sana. Swali langu mimi ni jingine: mtoto mwenye mguu huo atajifunzaje kurusha, kudaka, kuogelea na kucheza na wenzake, hadi awe na mchezo anaoupenda utakaomfuata utu uzimani? Kipindi cha elimu ya viungo ni somo kama hesabu. Mtoto asiyeshiriki amekosa somo, hata kama alikuwepo uwanjani muda wote.

Nao wapo uwanjani. Katika shule nilizopita tangu nirudi, kila mahali nimemkuta mmoja: yuko kivulini, kwenye kiti mwendo au na fimbo yake nyeupe, amepewa daftari ahesabu magoli au filimbi aishike. Walimu hawana ubaya. Wanamhofia, wanaogopa ataumia mikononi mwao na mzazi atawauliza. Hofu hiyo naielewa, na nadhani sehemu kubwa ya masomo yangu ilikuwa kujifunza kuipa hofu mahali pake.

Hatari zipo kweli, ila kila moja ina anwani yake. Baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down wana ulegevu kwenye kiungo cha pingili mbili za juu kabisa za shingo. Kwa hiyo, mpaka daktari awe amewapima, hawapigi sarakasi za kichwa wala hawajitupi majini kwa kutanguliza kichwa. Lakini kukimbia, kucheza ngoma, kurusha na kupiga mpira, wanafanya. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi yuko katika hatari kubwa ya kupata mzio wa lateksi, ule mpira unaotengenezewa baluni, na sisi walimu tunapenda mno kutumia baluni kwa wanaoanza kujifunza kudaka kwa sababu hushuka polepole. Kwake tunatumia mpira laini wa plastiki. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hatoki jasho kama kawaida chini ya jeraha, hivyo joto la mwili humpanda haraka. Anahitaji kivuli, maji ya kunyunyiziwa na mapumziko ya karibu karibu. Huyo huyo akilalamika ghafla kuwa kichwa kinamgonga vibaya, uso ukamwiva na jasho likamtoka usoni na shingoni, hiyo ni dharura ya shinikizo la damu. Mkalishe wima, mlegeze kila kinachombana, angalia kama mkojo umezuiwa, na aitwe mhudumu wa afya mara moja. Ukishajua hatari iko wapi hasa, unazuia kitu kimoja na kumruhusu mengine yote.

Chuoni, muhula wa kwanza hatukugusa mpira karibu kabisa. Tulikaa kutazama. Kuna kipimo kinachoitwa TGMD-3, cha Dale Ulrich wa Chuo Kikuu cha Michigan, kinachopima stadi 13 za mwendo kwa watoto wa miaka 3 hadi 10. Kurusha mpira kwa mkono wa juu, kwa mfano, kunatazamwa kwa mambo manne: mkono unaanza kwa kushuka na kurudi nyuma, kiwiliwili kinageuka mpaka upande usiorusha uelekee ukuta, mguu wa upande wa pili unakanyaga mbele, na mpira ukishatoka, mkono unaendelea kukata mbele ya mwili. Ukitazama hivyo, "hawezi kurusha" inakwisha. Unaona kwamba anageuka vizuri, anamalizia vizuri, ila hakanyagi. Basi unachora alama ya chaki pale mguu unapotakiwa kutua, na una kazi ya wiki nzima. Katika mafunzo yangu yote, hili ndilo ninalolithamini zaidi, na halikuhitaji umeme wala mashine.

Baada ya kutazama ndipo unarekebisha, na hapo tulifundishwa kugusa vitu vinne: nafasi, kazi yenyewe, vifaa na watu. Punguza uwanja. Ruhusu mpira udunde mara mbili. Badilisha mpira uwe mwepesi, mkubwa au wenye kengele. Badilisha idadi ya wachezaji au nani anacheza na nani. Mtoto haguswi, mchezo ndio unaosogezwa kumfuata.

Wengi wananiambia, "Kule wana vifaa." Wanavyo, lakini sivyo vilivyonishangaza zaidi. Nilishangazwa na sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 ya elimu kwa watoto wenye ulemavu iliitaja elimu ya viungo kwa jina ndani ya maana ya elimu maalumu, kwa hiyo mzazi ana mahali pa kuuliza mwanawe anafundishwa nini uwanjani. Kimataifa nako msingi upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 30, unazitaka nchi kuhakikisha watoto hawa wanashiriki michezo sawa na wenzao, shule ikiwemo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wa mazoezi unaowahusu watu wenye ulemavu. Kwa watoto ni wastani wa dakika 60 kwa siku, sawa kabisa na walio wengine. Kuhesabu magoli hakumpi hata moja ya dakika hizo.

Kuhusu vifaa, chukua goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa askari waliopoteza kuona vitani. Timu ina wachezaji watatu, wote wamefunikwa macho, na mpira una kengele ndani. Mistari hutengenezwa kwa kamba iliyobandikwa chini ya utepe ili iguswe kwa mkono au mguu. Kwa kuwa kila mmoja amefunikwa macho, darasa zima linaweza kucheza, anayeona na asiyeona, na mara nyingi asiyeona ndiye atakayewafundisha wenzake kusikiliza mpira unatokea wapi.

Hata utafiti wetu ulikuwa wa aina inayobebeka. Watoto wawili wenye mtindio wa ubongo hawafanani, hivyo wastani wa kundi kubwa hauwezi kukuambia sana juu ya yeyote kati yao. Tunampima mmoja mara nyingi kabla ya kumfundisha, kisha tunafundisha huku tukiendelea kupima. Wa pili tunachelewa kidogo kumwanza, wa tatu tunachelewa zaidi. Kila mmoja akianza kupanda pale tu mafunzo yake yanapoanza, una sababu nzuri ya kuamini ni ufundishaji uliofanya kazi. Mwalimu mwenye kalamu na karatasi ya grafu anaweza kuufanya, na ningependa sana kuona walimu wa huku wakiufanya na kuandika wanachokiona.

Kwa hiyo nimeanza kukaa na walimu wa michezo, mmoja mmoja, kwenye vipindi vyao wenyewe. Semina ya siku moja naiona haitoshi kwa kazi hii. Mwalimu anahitaji mtu wa kusimama naye pale mtoto halisi anapoingia kwenye mchezo kwa mara ya kwanza na kila mmoja anamtazama. Kama wewe ni mwalimu na unaye mwanafunzi anayekaa pembeni, niandikie. Jina lake na picha yake baki navyo. Niambie anatumia mkono upi, anaona na kusikia kiasi gani, anasogeaje, daktari amekataza nini, na kipindi kijacho unafundisha mchezo gani. Niambie pia kama uwanja wenu ni wa mchanga, nyasi au saruji, maana magurudumu ya kiti mwendo huzama kwenye mchanga, na hapo mipango yote ya nafasi inabidi ibadilike.